Grili ya mkaa: kagua tundu la hewa likiwa limefungwa

Malalamiko ninayoletewa kuhusu grili za mkaa zenye mfuniko, zile za umbo la chungu, yanafanana mno. Joto halishuki. Mtu amefunga matundu ya chini mpaka mkono wa kufungia umegota, juu amebakiza upenyo mdogo, na kipimajoto kinapanda tu: 150, 180, 200. Nyama aliyotaka iive taratibu kwa saa tano imekauka baada ya mbili. Akiuliza, anaambiwa amejaza mkaa mwingi. Siku nyingine anaambiwa hajui kuwasha moto, au anunue kipimajoto cha maana. Hakuna anayemwambia ainame atazame chini ya beseni, pale ambapo kibati cha kufungia hewa kimekaa mbali na tundu lake kwa milimita moja na nusu.

Kwa hiyo mwongozo huu hautagusa ukubwa wa grili, magurudumu, rangi ya mfuniko wala kijimeza cha pembeni. Hayo utayaona kwa macho yako, na muuzaji atakueleza hata usipouliza. Ninachotaka kujua ni kama tundu la hewa linafunga. Wanunuzi wengi huuliza linafunguka kiasi gani, swali lisilo na maana yoyote, maana hata kopo lililotobolewa kwa msumari linapitisha hewa. Kufunga ndiko kunakohitaji fundi aliyepima, bati lenye unene wake na kiwanda kilichojali.

Hewa ndiyo inayotawala moto

Mkaa mwingi unakupa muda mrefu. Joto kali linaletwa na hewa nyingi. Makaa hayawezi kuwaka kuliko oksijeni inayoyafikia, na ndiyo maana grili iliyojazwa mkaa pomoni inaweza kukaa kwenye nyuzi 110 za Selsiasi kwa saa nyingi bila fujo, mradi hewa inayoingia ni kidogo. Hewa huingia chini, ikapata moto, ikawa nyepesi, ikapanda na kutokea juu, na inavyotoka huvuta nyingine nyuma yake. Inasimuliwa kwamba George Stephen, aliyekuwa akifanya kazi Weber Brothers Metal Works huko Chicago, alipokata boya la chuma na kujitengenezea grili yake ya kwanza mwaka 1952, moto ulimzimikia kwa kuwa mfuniko haukuwa na tundu. Jirani akamshauri atoboe. Wote walioiga umbo lile tangu hapo walikumbuka kutoboa. Kuziba wengi walikusahau.

Tupige hesabu kidogo, maana watu wakisikia milimita moja wanacheka. Chukua grili ya sentimita 57, inayoitwa pia ya inchi 22, yenye matundu matatu chini. Ili ikae kwenye nyuzi 110 hadi 120, kila tundu linahitaji upenyo mwembamba tu. Tuseme upana wa milimita 6 kwa urefu wa sentimita 5. Hizo ni sentimita 3 za mraba kwa kila tundu, jumla 9. Sasa tuseme kibati cha kufungia hakijalala vizuri, kimeacha mwanya wa milimita moja kuzunguka tundu zima, na mzingo wa tundu ni sentimita 20. Mwanya huo ni sentimita 2 za mraba; kwa matundu matatu ni 6. Kabla hujafungua chochote, grili imeshajipa theluthi mbili ya hewa uliyokusudia kuipimia. Mwanya ukifika milimita moja na nusu, zile 9 zimetimia, na mkono unaouzungusha hapo chini umebaki pambo.

Hasara yake ni tatu. Ya kwanza nimeshaitaja: huwezi kushuka chini ya joto fulani hata ufanyeje. Ya pili ndiyo inayoniudhi zaidi, kwa sababu inajirudia kila unapopika. Grili inayofunga kweli, ukimaliza kupika ukaziba juu na chini, makaa hukosa hewa yakazimika ndani ya saa moja au mbili, na kesho yake unakuta mkaa mzima mzima uliobaki, unautikisa majivu, unaongezea kidogo na kuuwasha tena. Isiyofunga itakula mkaa wote usiku kucha bila faida kwa mtu yeyote, asubuhi ukakuta majivu. Ya tatu ni usalama: mafuta yakidondoka na moto ukaruka, kinachotakiwa ni kufunika na kuziba. Kama hakuna kinachoziba, unafunika moto unaoendelea kupumua.

Na kwa kuwa nimetaja kuzima: grili iliyozibwa bado ina makaa yanayotoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, na inaua. Isiingizwe ndani wala barazani palipozibwa mpaka ipoe kabisa, hata mvua inyeshe, hata uwe na hakika kwamba imezimika.

Ukaguzi wa dakika tano

Omba kuona grili iliyoungwa, siyo boksi. Wakikuambia haipo, uliza kama unaweza kuirudisha, na jibu likuongoze.

Zungusha mkono wa chini mpaka mwisho wa kufunga. Ingiza tochi ya simu ndani ya beseni ikitazama chini, kisha piga goti uangalie kwa nje. Uzi mwembamba wa mwanga kwenye kona moja si neno, utarekebishika. Pete nzima ya mwanga kuzunguka tundu ni sababu ya kuondoka. Halafu chukua kipande cha karatasi ya kawaida, hata risiti, ukichomeke kati ya kibati na beseni na kukitembeza. Kikibanwa, vizuri. Kikizunguka tundu lote bila kukwama popote, mwanya ndio huo umeushika mkononi. Fanya hivyo kwa matundu yote, kwa kuwa mara nyingi mawili huwa sawa na la tatu ndilo lililopinda.

Baada ya hapo sukuma kibati kwa kidole kutoka nje kupitia tundu. Kinarudi chenyewe? Bati zuri lina ukaidi wa springi: unalisukuma linakusukuma. Bati laini hubaki pale ulipoliacha, na likishapikwa miezi michache litajikunja upande linaoutaka. Kisha fungua na kufunga mara kadhaa, uuache mkono katikati. Ukishuka wenyewe kwa uzito wake, utashuka pia ukiwa unapika, nawe utakuwa umekaa mbali ukidhani tundu liko ulipoliweka.

Mfuniko nao uuweke juu ya beseni, uuzungushe robo, uweke tena, robo nyingine. Ukitikisika mahali fulani na kutulia pengine, ama mfuniko ama beseni si duara. Mzingo wa grili ya sentimita 57 unakaribia sentimita 179. Mwanya wa milimita moja kwenye robo yake tu ni sentimita 4.5 za mraba. Mwanya wa hapo haudhuru kama wa chini, kwa sababu moto ukiwa umekolea hewa hutokea hapo zaidi kuliko kuingia. Ila siku unataka kuyazima, makaa yatapumulia hapo hapo.

Tundu la juu nalo liangalie lilipo. Likiwa kwenye kilele, katikati kabisa, moshi utapanda moja kwa moja na kutoka. Likiwa pembeni, unaweza kulipanga upande ulio mbali na makaa, moshi na joto vikalazimika kupita juu ya nyama ndipo vitoke. Ningechagua la pembeni kama kila kitu kingine ni sawasawa.

Mpangilio wangu

Ninayoiweka ya kwanza ni Weber Master-Touch ya sentimita 57, pamoja na ndugu yake Original Kettle Premium. Nina upendeleo na siufichi. Chini zina mapanga matatu ya bati, mithili ya feni, yaliyounganishwa kwenye mkono mmoja. Ukiuzungusha yanafungua na kufunga matundu, na ukiupeleka huku na huku yanafagia majivu yaanguke kwenye kopo. Kopo hilo limefunika eneo lote la matundu, na hii ndiyo sababu ninazipa nafasi ya kwanza: upepo haupigi tundu moja kwa moja. Kwenye grili yenye matundu wazi, upepo ukivuma ni sawa na mtu kukupepelea makaa bila kumwomba. Mapanga pamoja na mkono wake huuzwa kama kipuri, seti nzima, unabadilisha mwenyewe bila fundi. Beseni na mfuniko vina enameli ya kioo iliyochomwa tanuruni, na kampuni inaidhamini kwa miaka 10 isitoboke kwa kutu wala kwa moto.

Kati ya hizo mbili, tofauti ni mambo kama mahali pa kuegeshea mfuniko. Kwa hewa hazipitani kitu. Kama bei inakukaba, chukua Premium wala usijione umepunjwa. Lakini usidhani jina linatosha: bati lililopata kishindo safarini linapinda likiwa la Weber au la nani, na ukaguzi wa tochi haumsamehei mtu. Kasoro yake ya kuzaliwa ni kwamba mkono mmoja unaamuru matundu yote matatu kwa pamoja, na nafasi kati ya kufunga na kuwa wazi sana ni fupi mno. Kusogeza kidogo tu kunabadilisha mengi. Hilo tutalitibu mbele.

Ya pili ni grili zenye matundu matatu ya chini yanayojitegemea, kila moja na kizibo chake. Weber za zamani zilikuwa hivyo kabla ya mkono mmoja kuja, na jiko la kufukizia moshi la kampuni hiyo hiyo, Smokey Mountain, bado limejengwa hivyo. Ukipata ya mtumba ambayo enameli yake haijabanduka, usiidharau. Vizibo hivi ni vibao bapa vinavyolalia beseni kwa nje, huvikunji wala havipindi ovyo, na unaweza kuziba mawili ukabaki unapima hewa kwa tundu moja tu, jambo linalofanya kila nukta ya kusogeza iwe na maana ndogo na unayoweza kuitabiri. Upepo ukitoka upande fulani, unaziba la upande huo. Adha yake ni majivu: hakuna kinachofagia, unachota kwa mkono siku ya pili, na katikati ya mapishi marefu yakijaa huna namna zaidi ya kuchokonoa kwa kijiti kutoka chini ukiwa umepiga magoti.

Ya tatu ni Original Kettle ya kawaida, ile yenye sahani ya majivu iliyo wazi. Mfumo wa mapanga ni ule ule, ila upepo una ruhusa. Ukipikia mahali palipotulia, au ukiwa tayari kusimamisha kibati cha kukinga upepo, huyu ni wa kwanza aliyevaa nguo rahisi. Majivu tu ndiyo yatakayoruka miguuni.

Kuna watakaoniuliza kuhusu majiko ya udongo wa kauri, Big Green Egg na Kamado Joe. Kwa kufunga hewa hayana mpinzani: mlango mmoja wa kuteleza chini, kizibo cha kuzungusha juu, na gasketi, yaani ukanda wa kuzibia mwanya, kati ya mfuniko na mwili. Lakini ni mazito, yanapasuka yakianguka, yanachukua muda kupoa ukizidisha moto, na aliyekuja kutafuta grili ya kubeba kwa mikono miwili hakuja kutafuta hilo. Yana mwongozo wake.

Ya nne: grili yoyote ya jina lolote yenye kizibo kimoja bapa chini ya beseni, kilichoshikiliwa kwa bolti na springi. Tundu moja si aibu kama linafunga. Kizibo kikiwa kimepigwa ribiti tu bila springi, kitalegea, lakini nitaonyesha namna ya kukitibu.

Za bei ya chee kabisa zenye matundu ya ubavuni na vibati vinavyoning'inia sitazipangia namba. Nyingine hata kizibo cha chini hazina. Kwa kuchoma haraka haraka mfuniko ukiwa pembeni zinafaa. Kwa lingine lolote, jiko la kawaida la mkaa litakutumikia vizuri zaidi.

Wauzaji

Tazama picha za grili mtandaoni. Picha ya mbele, ya juu, ya mfuniko ukiwa wazi na nyama imepangwa vizuri, ya mtoto anacheka nyuma. Ya chini ya beseni haipo. Sehemu inayoamua kama umenunua chombo au pambo ndiyo pekee isiyopigwa picha, na ukimwandikia muuzaji akupigie moja, anakuuliza unaitaka ya nini. Kuna mmoja aliyeniambia kwamba vibati "vitajikaza vikishapata moto". Bati jembamba likipata moto linapanuka, linajikunja na kulegea. Halijawahi kujikaza.

Kero nyingine ni bei inayopanda kwa vitu visivyohusu moto. Grili ile ile, beseni lile lile, matundu yale yale, ikipakwa rangi nyingine au ikiwekewa kipimajoto kikubwa kifuani inaruka daraja zima. Kipimajoto cha mfuniko chenyewe kinapima hewa ya juu ya kuba, siyo pale nyama ilipo, na tofauti yake inaweza kuwa makumi ya nyuzi. Halafu anayekuuzia grili inayovuja ndiye huyo huyo anayekuuzia kando pakiti ya gasketi na vibanio vya kuzuia kuvuja, kwa bei yake, na kukupongeza kwamba sasa umeanza kuwa mtaalamu. Ningeelewa kama angeniuzia tangu mwanzo kitu kizima kwa jumla ya bei hizo mbili. Sielewi kwa nini kasoro ya kiwanda iitwe burudani ya mteja.

Marekebisho yanayofaa na yasiyofaa

Anza na mapanga, kwa kuwa hayagharimu chochote. Grili ikiwa baridi, toa wavu na majivu, futa beseni mpaka enameli ionekane. Majivu yaliyoganda na vipande vya mkaa vilivyonasa huinua panga, na mara nyingine kasoro yote ni hiyo. Kama bado kuna mwanya, vaa glovu, shika ncha ya panga na kulikunja kuelekea beseni kidogo kidogo, ujaribu kwa karatasi kila baada ya mkunjo. Unachotafuta ni ncha na kingo ziguse beseni kwa kujikaza, siyo kulalia kwa uzito tu. Ukizidisha utausikia mkono umekuwa mzito na panga linakwangua. Rudisha nyuma kidogo. Panga lililoungua likawa na kutu ya magamba usilikunje, litakatika. Nunua seti mpya.

Tundu la juu kwa kawaida hulegea kwenye ribiti yake au huganda kwa masizi na mafuta. La kuganda, likwangue grili ikiwa na uvuguvugu, kabla mafuta hayajawa lami. La kulegea, toboa kichwa cha ribiti kwa drili, itoe, na mahali pake weka bolti ya stenlesi, pete bapa pana (washa) pande zote mbili, springi ndogo kwa nje na nati mbili zilizokazwa moja juu ya nyingine. Nati zenye pete ya plastiki ndani usizitumie, plastiki itayeyuka na nati kufunguka. Kizibo kitazunguka kwa ulaini lakini kitabaki ulipokiacha. Kumbuka hata hivyo kwamba tundu la juu siyo la kupunguzia moto. Liache wazi, angalau nusu, muda wote unapopika, na hewa uipime kwa chini. Ukilibana juu moshi unadumaa ndani, unaacha masizi juu ya nyama, na ladha inakuwa chungu. La juu linafungwa kabisa siku moja tu: siku, yaani saa, ya kuzima.

Mfuniko usio duara unaweza kurudishwa. Pima kipenyo kwa pande kadhaa kwa futi ya fundi, tafuta upande mrefu, uzungushie mkanda wa kubania mizigo na kuukaza taratibu kwenye upande huo, uuachie, upime tena. Kwa hatua ndogo ndogo. Enameli ni kioo, ikikunjwa kwa nguvu inabanduka. Ikishindikana, ndipo ufikirie gasketi. Kamba ya nyuzi za kioo huvumilia joto kali kuliko ile ya sufi ya kubandika, ambayo kwenye grili ya mkaa ukingo wake huungua sehemu zinazokaribiana na makaa. Binafsi sipendi gasketi kwenye grili ya bati. Mafuta huingia humo, hunata, na baada ya muda mfuniko unautoa kwa kuuvuta.

Sumaku za kuzibia matundu zinauzwa sana, na hapa watu wanaibiwa. Sumaku za neodimiamu za kawaida huanza kupoteza nguvu zikipita nyuzi 80 hivi. Zile bapa laini kama za kubandika kwenye friji ni dhaifu zaidi mbele ya joto. Za feraiti huvumilia zaidi ya nyuzi 200, kwa hiyo kama ni lazima, tafuta hizo, na uziweke kwa nje chini ya beseni.

Kutoboa matundu mapya: usitoboe. Ninajua zipo video. Kila tundu jipya ni tundu jingine la kuziba, na enameli iliyopasuka kwa drili huacha chuma tupu kinachoanza kutu siku hiyo hiyo. Enameli huchomwa kwenye joto linalopita nyuzi 800. Hakuna rangi ya kopo itakayoirudisha. Kama unahitaji kitundu kidogo cha kupitishia waya wa kipimajoto, bandika tepu kwanza, tumia biti kali ya chuma kwa mwendo wa polepole, vaa miwani kwa sababu vinavyoruka ni vioo, na ukimaliza paka ukingo rangi ya kuhimili joto. Vipande vya kuzibia usikate kwenye bati lenye zinki. Zinki huyeyuka kwenye nyuzi 419, makaa yanapita hapo kwa urahisi, na mafusho yake yanaugulisha. Alumini nayo huyeyuka kwenye nyuzi 660, kwa hiyo juu ya mfuniko ni salama, karibu na makaa si salama.

Feni za kielektroniki zinazojipimia joto zinaingizwa kwenye tundu moja la chini kwa kibati maalumu, mengine mawili yakazibwa. Ni vifaa vizuri. Lakini feni inaweza kuongeza hewa tu, kuipunguza haiwezi. Joto likipita kiwango inajizima na kusubiri, na grili inayovuja itaendelea kupanda huku kifaa cha bei kikiwa kimezima taa yake kwa adabu. Rekebisha mapanga kwanza, ukimaliza utaona wengine wenu hamkuhitaji feni.

Mwisho ni alama, tiba ya ule mkono mfupi wa Weber niliousema. Usipime kwa macho wala kwa "robo" na "nusu" za kubahatisha. Chukua biti za drili za milimita 3, 6, 9 na 12. Grili ikiwa baridi na tupu, fungua tundu, simamisha biti ya milimita 3 ndani yake, kisha funga taratibu mpaka panga liibane. Hapo mkono ulipo, piga mstari kwenye ukingo wa kopo la majivu. Rudia kwa 6, kwa 9, kwa 12. Sasa ukipika andika joto lililotulia kwa kila alama, ukisubiri dakika 15 hivi baada ya kila badiliko kabla ya kugusa tena, na bila kuinua mfuniko, maana kila ukiinua umewapa makaa hewa ya bure na kipimo kimeharibika. Kwa mapishi marefu, kila baada ya saa moja au mbili peleka mkono huku na huku kidogo tu kuondoa majivu yaliyokalia tundu, kisha urudishe kwenye alama. Ufagie taratibu, ukifagia kwa nguvu majivu yanaruka mpaka kwenye nyama.

Mistari yenyewe ichore kwa ncha ya tupa. Kalamu ya rangi, hata inayodai haifutiki, itafutika kwa joto na mafuta.